Koti la Mvua

Nyemo alinimwagia kopo la kwanza,
maji yakakimbia.
La pili, yakakimbia.
Akaniinua kichwa kutoka kwenye beseni:
Dada wa wizarani, nywele zako zimevaa koti la mvua.

Dodoma hii?
Mwezi wa tisa, upepo unazoa mchanga wa Kizota
na kuugawa nyumba kwa nyumba kama kadi za harusi,
mvua yenyewe hata tetesi hakuna,
nani avae koti?

Lakini mimi ni mtu wa masijala.
Miaka kumi na saba nafungua majalada ya watu,
najua jambo zito huandikwa kwa herufi ndogo,
nyuma, chini, karibu na gundi.
Nikavaa miwani. Nikageuza chupa.
Mbele: nazi iliyopasuliwa, tone la asali,
msichana anacheka na nywele kama kioo.
Nyuma nikaikuta nazi, ya kumi na tisa kwenye foleni,
imesimama baada ya manukato.
Waliotangulia walikuwa na majina ya kuvunja ulimi,
karibu yote yanaishia koni,
koni, koni,
kama mtoto anayelilia aiskrimu stendi ya Nanenane.

Silikoni, akasema Nyemo, mikono yake haikusimama.
Sisemi ni sumu. Hata mimi niliwapaka wateja.
Inakaa juu ya unywele, inautandika,
kitana kinapita bila salamu.
Ila ndani pana kiu,
na juu pamefungwa.

Nikaikumbuka barabara mpya ya kwetu Nkuhungu:
nyeusi, laini, tuliipigia vigelegele.
Ikaja mvua ya Januari, ardhi isionje hata tone,
maji yakapita juu kama bosi
yakaenda kulala sebuleni kwa watu.

Basi hiyo ndiyo miaka yangu minne ya kung'aa.
Asubuhi naokota vipande kwenye mto,
vifupi, vikavu, kama makapi ya uwele,
nalaumu maji ya chumvi, nalaumu upepo,
nimemlaumu hata mama mkwe na jicho lake.

Kuacha si kutamu.
Wiki ya kwanza nilifunga kilemba.
Wiki ya tatu nikakifungua, na Bwana Chidawali wa uhasibu
akaniuliza kwa sauti ya chini: umefiwa?

Ndipo Nyemo akanichemshia mlenda.
Ndiyo, mlenda, ule ule wa kulia ugali,
bila chumvi, bila karanga, ukachujwa kwa kipande cha neti.
Mimi wa Muheza, niliyeukataa mezani
tangu serikali inihamishe,
nikaupokea kichwani.
Ukavutika kama uzi, ukashuka mpaka sikioni,
vidole vyake vikaingia kwenye mafundo
bila ugomvi.
Kisha maji, na mlenda ukaondoka wote.
Utelezi wenye adabu, akasema. Unakuja, unaaga.
Akamalizia na alizeti ya Kibaigwa,
ingali na harufu ya mashudu.

Sing'ai tena. Kwenye picha ya idara
mpiga picha alinisogeza mstari wa nyuma.
Lakini juzi bomba la uani lilipasuka nikiwa naanua nguo,
likanirushia kichwani,
na maji hayakukimbia.
Nilikaa nayo mpaka taarifa ya habari ikaisha,
ubaridi ukishuka polepole, unywele kwa unywele,
hadi kwenye ngozi ambayo nilikuwa nimeisahau.

Chupa sijaitupa. Bei yake naijua.
Zipu ya begi nililohamia nalo
ilikwama tangu Desemba ile.
Nimeipaka.
Inateleza.